Kumuenzi aliyekufa akiokoa wengine: mwongozo kwa familia, kamati ya msiba na kijiji

Mwongozo huu ni wa watu wanaojikuta kwenye kamati bila kuomba: mwenyekiti wa kijiji, katibu wa kikundi cha wavuvi, mwalimu mkuu, shemeji mwenye mwandiko mzuri. Ajali imetokea, watu wamekufa, na kati yao yupo mmoja ambaye angeweza kubaki salama lakini alirudi. Alirudi majini, au kwenye moto, au kwenye shimo la mgodi, au alisimama mbele ya bunduki ili wengine wapite. Kila anayekuja msibani anasema lazima aenziwe, na siku ya tatu tayari kuna anayetaja sanamu.

Sanamu isubiri. Kazi hii ina mpangilio wake: familia kwanza, kisha ushahidi, kisha kuamua nani anaenziwa, kisha fedha, kisha siku ya kumbukumbu, na alama ya kudumu baada ya hayo yote. Wengi huanza na mnara kwa sababu ndio unaopigwa picha. Miaka michache baadaye mnara umepasuka, mjane anadaiwa pango la nyumba, na watoto waliozaliwa baada ya ajali wanasimuliana kisa ambacho hakikutokea hivyo.

Hatua ya 1: Ilinde familia

Siku ya kwanza kamati iteue mtu mmoja wa kuzungumza na familia, na familia iteue mtu mmoja wa kuzungumza na kamati. Wa upande wa familia kwa kawaida asiwe mjane wala mama mzazi. Baba mdogo, kaka au shemeji anatosha. Waandishi wa habari, wanasiasa na watu wa mashirika wote wapitie kwa hao wawili. Bila hivyo mama aliyefiwa atasimulia kifo cha mwanawe kwa kila kipaza sauti kinachoingia uani, na kila mara atakuwa anaanza upya.

Mnapokwenda mara ya kwanza, msiende na karatasi. Maneno yanayofaa ni machache: "Mama, poleni sana. Hatukuja kukuuliza kitu. Tumekuja kukuambia kwamba tunajua alichofanya mwanao, na lolote tutakaloandika au kusema juu yake utalisikia wewe kwanza." Halafu kaeni. Mkipewa chai, kunyweni.

Picha za mwili zinazozunguka kwenye simu ni tatizo la saa za mwanzo, si la wiki ijayo. Waombeni wasimamizi wa makundi ya WhatsApp ya kijiji, ya shule na ya wafanyabiashara wazifute na wamwambie kila mwanachama afute. Zinazohitajika kwa uchunguzi zipelekwe polisi, basi.

Dini na mila zina ratiba yake, na kamati ndiyo itakayoifuata. Mjane Mwislamu anakaa eda ya miezi 4 na siku 10, na kama ni mjamzito eda yake inaisha anapojifungua. Nimeona kamati zenye nia njema zikimpangia mjane jukwaa, mgeni rasmi na kitambaa cha kukata akiwa bado edani. Kwa Wakristo, ulizeni siku ya kuanua matanga na siku ya misa au ibada ya kumbukumbu kabla hamjapanga la kwenu.

Kwenye ajali za majini lipo jambo gumu zaidi: mwili huenda haujapatikana. Hapo msiwe wa kwanza kutamka "marehemu". Mnaweza kuwa mmeshakata tamaa nyinyi, lakini familia bado inashinda ufukweni. Semeni jina lake tu, mpaka wao wenyewe watakapobadili lugha.

Kisha kuna karatasi, na hapa ndipo heshima nyingi ya kweli inapofanyika bila mtu kupiga makofi. Tafuteni kijana makini mwenye pikipiki na nauli ya kamati, kazi yake iwe moja: kufuatilia nyaraka. Tanzania Bara cheti cha kifo hutolewa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Zanzibar ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kwa mirathi ya kawaida ya kijijini, ukoo ukae kikao, uandike muhtasari wa kumpendekeza msimamizi, na muhtasari huo upelekwe Mahakama ya Mwanzo. Kama alikuwa na ajira rasmi, fuatilieni mafao ya warithi kwenye mfuko wake wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF. Na kama alikufa akiwa kazini, kwa mfano mwalimu aliyekuwa na wanafunzi safarini, mlinzi getini au kondakta ndani ya basi, mwajiri anapaswa kutoa taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Familia nyingi hazijui kuwa mfuko huo upo, na mwajiri asiye mwaminifu hatawakumbusha.

Hatua ya 2: Kusanyeni ushahidi kabla hadithi haijakomaa

Asubuhi ya Jumapili, Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Walikufa 19, wakanusurika 24. Waliofika mwanzo walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, ilielezwa kwamba aliufungua mlango wa nyuma kwa kasia, kisha akajaribu kuwafikia marubani mpaka akaumia na kupoteza fahamu. Muda si mrefu alikuwa amekabidhiwa shilingi milioni 1, na Rais Samia akaagiza aajiriwe na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Baadaye yakaibuka maelezo mengine, kwamba mlango ulifunguliwa na mhudumu wa ndege aliyekuwa ndani. Watu waliombeba kijana begani wiki iliyotangulia wakageuka mahakimu wake. Siufufui ubishi huo hapa, na kwa maoni yangu kijana hakustahili kejeli alizopata: mtu anayepiga kasia kuelekea kwenye ndege inayozama amekwisha kufanya jambo kubwa, mlango uwe umefunguliwa na nani. Lakini tazameni kilichokosekana. Kabla ya kamera kuchagua sura moja, hapakuwa na mtu aliyekaa na wavuvi wote waliokuwa majini, na manusura, na wahudumu, akaandika kila mmoja aliona nini. Wavuvi wengine waliovuta kamba na kupakia watu mitumbwini wengi wetu hatuwajui hata kwa majina.

Basi fanyeni kazi hiyo nyinyi, ndani ya wiki mbili. Baada ya hapo watu wanakuwa wamesikia hadithi ya wenzao mara nyingi kiasi kwamba wanaikumbuka kama yao.

Mhoji kila shahidi peke yake. Mwanzo mwulize alikuwa wapi amesimama na anafanya nini kabla ya ajali, kwa sababu mtu akishakaa mahali pake kichwani, mengine yanakuja kwa mpangilio. Usimwulize "ulimwona akiokoa watu wangapi?" maana swali hilo tayari lina jibu ndani yake. Mwulize "halafu ukaona nini?" na urudie hilohilo. Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu. Ukiandika, kila sentensi iwekee alama moja kati ya tatu: ameona mwenyewe, ameambiwa, anakisia. Saa zitafuteni kwenye kumbukumbu za simu, maana aliyepiga simu ya kuomba msaada ana dakika kamili kwenye orodha yake ya simu zilizopigwa. Kisha choreni ramani kwa mkono: gati, boti, mwamba, basi, mlango, nani alikuwa wapi.

Majeruhi wasihojiwe mpaka wawe wamepata nguvu, na watoto wahojiwe mzazi akiwepo, kwa muda mfupi. Aliyeokolewa naye ana mzigo wake. Kuna wanaolia wakisema bora ningekufa mimi, hasa kama aliyewaokoa aliacha watoto wadogo. Mtu akisema hapana, hapana yake iheshimiwe. Huenda akaja mwenyewe baada ya mwaka.

Ushahidi ukigongana, andikeni pande zote mbili. "Wawili wanasema alizama akirudi kumchukua mtoto, mmoja anasema alikuwa akivuta kamba." Msilazimishe suluhu. Idadi iwe ile iliyothibitishwa kwa majina, si ile ya kijiweni. Kama walioweza kutajwa ni 6, andikeni 6, hata kama mjini wanasema 30. Na msiandike nani alisababisha ajali. Hilo lina wachunguzi wake, na karatasi yenu inaweza kuishia mahakamani.

Amerika ya Kaskazini kuna mfuko ulioifanya kazi hii kuwa taasisi. Januari 1904 mgodi wa makaa ya mawe wa Harwick, Pennsylvania, ulilipuka, na kati ya waliokufa walikuwemo wawili walioingia kuokoa. Tajiri Andrew Carnegie aliguswa, akatoa dola milioni 5 kuanzisha mfuko wa kuwatunuku watu wa kawaida wanaohatarisha maisha kwa ajili ya wengine na kuzisaidia familia za wanaokufa. Mpaka leo mfuko huo hautoi medali kwa tetesi. Kila kisa huchunguzwa na watu wake kwanza. Kijiji hakina wapelelezi, lakini kina mwalimu, daftari na simu.

Mkimaliza, andikeni masimulizi ya ukurasa 1, yasizidi. Yasomeni kwa sauti mbele ya familia, kisha mbele ya waokoaji wengine, na mrekebishe palepale. Kila aliyehojiwa aweke saini au dole gumba. Nakala ziende kwa familia, ofisi ya kijiji, shule, na msikiti au kanisa. Ukurasa huo ndio utakaosomwa siku ya kumbukumbu, ndio utakaofupishwa kwenye jiwe, ndio utakaoambatishwa kwenye maombi ya nishani.

Hatua ya 3: Amueni nani anaenziwa

Desemba 21, 2015, wapiganaji wa Al-Shabaab walilisimamisha basi lililokuwa njiani kwenda Mandera, kaskazini mwa Kenya. Waliwataka abiria Waislamu wajitenge na wasio Waislamu. Kila aliyekuwa ndani alijua maana yake, kwa sababu Novemba 2014 katika kaunti hiyohiyo watu 28 walikuwa wametengwa hivyo na kuuawa. Waislamu wakakataa. Wanawake wakawapa wenzao hijabu za kujifunika, na washambuliaji wakaambiwa wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki akiwa anatibiwa Nairobi. Machi mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akamtunuku nishani baada ya kifo chake.

Salah Farah alistahili kila heshima aliyopewa. Ila kisa hiki hakina maana akibaki peke yake. Bila wale wanawake na hijabu zao, bila abiria wote waliokataa kwa sauti moja, hakuna kilichotokea siku ile. Kwa hiyo kamati yenu ijiulize mapema: tunamtaja mmoja, tunawataja waliokufa wakiokoa, au tunawataja wote waliojitosa, walio hai na waliokufa? Mimi huegemea kwenye kuwataja wote kwa majina, na aliyekufa akae juu. Wasiotambuliwa kabisa huwa haohao: mlinzi wa usiku, msaidizi wa boti, mama ntilie aliyechana khanga zake kufunga majeraha. Mwaka 1998 katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, walinzi Wakenya walikataa kulifungulia lango lile lori la mabomu. Walikufa watu 213 mjini Nairobi siku ile, na haifikiriki ingekuwaje kama lori lingeingia mpaka chini ya jengo. Ni wangapi kati yetu tunaoweza kuwataja walinzi hao?

Waliokufa bila kuokoa mtu nao ni marehemu wa kijiji kilekile. Mkimpandisha mmoja jukwaani huku majina ya wengine 20 hayasomwi, mtaigawa mitaa.

Hatua ya 4: Fedha

Hapa ndipo kamati nyingi huvunjika, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Tenganisheni mifuko mitatu tangu siku ya kwanza. Rambirambi ni mali ya familia. Inakabidhiwa, inaandikwa, imeisha, na kamati haina haki ya kuipangia matumizi. Fedha ya watoto ni ya elimu na matunzo. Fedha ya kumbukumbu ni ya jiwe, kisima, au chochote mtakachoamua. Mchangiaji aulizwe anatoa kwa ajili ya nini, na jibu liandikwe mbele ya jina lake. Atakayechanganya mifuko hii ataulizwa maswali asiyoweza kuyajibu, hata kama hakuiba senti.

Michango isipite kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata awe sheikh au padri. Fungueni akaunti ya kikundi benki au ya simu inayotaka idhini ya watu zaidi ya mmoja kabla fedha haijatoka. Waweka saini wawe watatu, na mmoja wao atoke kwenye familia. Kila Ijumaa au Jumapili bandikeni kwenye ubao wa ofisi ya kijiji: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mkitaka kuchangisha nje ya eneo lenu, pitieni ofisi ya mkuu wa wilaya kwanza mjue utaratibu wa kibali.

Fedha ya watoto inahitaji hesabu kabla ya huruma. Shule za serikali Tanzania hazitozi ada tangu 2016 kwa msingi na kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita navyo vikaondolewa ada. Kinachoimaliza familia ni vingine: sare, madaftari, chakula cha shule, nauli, vifaa vya bweni. Mtoto wa darasa la pili ana zaidi ya miaka 10 mbele yake kabla ya chuo. Gawanyeni kilichopatikana kwa miaka hiyo, mtaona ni kidogo kuliko kilivyoonekana siku ya mazishi. Kinachosubiri miaka kisikae bure kwenye akaunti ya kawaida. Kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ukiwemo Mfuko wa Watoto. Familia inayokwepa riba iulize benki zenye huduma zinazofuata sharia, au ifikirie wakfu. Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa kazi hiyo.

Andikeni majina ya wanufaika, msiandike "familia ya marehemu". Neno familia lina milango mingi: wake wawili, mtoto aliyelelewa kwa bibi, mtoto wa nje ya ndoa ambaye hata msibani alisimama nyuma. Watoto wote waingie kwenye orodha siku ya kwanza, kimyakimya, kabla ukoo haujaanza kuvutana. Malipo ya shule yaende shuleni moja kwa moja.

Na ahadi. Jukwaani zitatolewa nyingi: ajira kwa mdogo wa marehemu, nyumba, bati, ufadhili mpaka chuo kikuu. Katibu aandike siku hiyohiyo nani kaahidi nini mbele ya nani, na ndani ya wiki mbili kamati ipeleke barua ya shukrani inayoitaja ahadi hiyo kwa maneno yake. Ni adabu, na pia ni kumbukumbu. Barua ya pili iende baada ya miezi 3. Baada ya hapo mwiteni kama mgeni wa kumbukumbu, asome mwenyewe orodha ya ahadi zilizotimizwa.

Hatua ya 5: Siku ya kumbukumbu

Hii fupi. Arobaini ni ya familia na dini. Siku ya kijiji ifanyike ajali inapotimiza mwaka, saa za asubuhi kabla ya jua kali. Majina ya waliokufa wote yasomwe kwanza, wasomaji wawe wanafunzi na wawe wamefundishwa matamshi. Kisha usomwe ule ukurasa 1. Kisha dua na sala za dini zote zilizofiwa. Hotuba moja, dakika 10. Chakula.

Mgeni rasmi akichelewa, anzeni. Manusura wasiitwe mbele bila kuulizwa faraghani siku kabla. Viti vya mbele ni vya wafiwa. Mheshimiwa akae pembeni yao, si wao nyuma yake.

Mnaotaka kuona jambo hili linavyodumu nendeni Mwanza. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, na makaburi ya Igoma walikozikwa wengi wa abiria wake bado yanafikiwa na waombolezaji kila Mei.

Hatua ya 6: Alama ya kudumu

Fikirieni kwanza kitu kinachofanya kazi ile aliyokufa akiifanya. Kwa mvuvi aliyezama akiokoa, ni boya, kamba ndefu na jaketi za kuokolea zinazokaa mwaloni chini ya ulinzi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo), ubao wenye namba 114 ya Zimamoto, na mafunzo ya kuogelea kwa watoto wa mwalo. Inashangaza ni watoto wangapi wanaokua mita chache kutoka ziwani bila kujua kuogelea. Kwa aliyekufa akizuia moto, mitungi ya kuzimia moto sokoni. Kwa Waislamu kisima ni sadaka inayoendelea kumfikia aliyekufa, na hakuna atakayebishana nayo. Ila kabla ya kuandika jina la mtu kwenye kisima, amueni nani atakarabati pampu. Pampu mbovu yenye jina la shujaa inaidhalilisha familia kila anapopita mtu na ndoo.

Mkiamua jiwe, anzeni na ardhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto, kwa hiyo pale hasa alipozamia si lazima paruhusiwe kujengwa. Kwa ajali za barabara kuu, hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Mnara ukijengwa humo utawekewa alama ya X ya kubomolewa kama kibanda chochote. Shule, zahanati au uwanja wa ofisi ya kijiji ni pazuri zaidi. Mkutano mkuu wa kijiji upitishe eneo, na muhtasari wake uhifadhiwe.

Juu ya kaburi lenyewe iachieni familia. Masheikh wengi hawakubali kujengea kaburi, na ukoo wa Kikristo unaweza kuwa na msalaba wake tayari.

Msitumie shaba wala alumini. Vibao vya chuma huishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Rangi juu ya saruji inafutika kwa mvua chache. Itale iliyochongwa herufi kwa kina, ikapachikwa kwenye ukuta imara, inagharimu zaidi mara moja tu. Mwombeni fundi kwanza mchoro wa karatasi wa ukubwa uleule, na majina yakaguliwe na watu wawili tofauti dhidi ya kitambulisho cha NIDA au cheti cha ubatizo. Herufi moja iliyokosewa kwenye itale haifutiki, na msikubali kuijazia saruji. Badilisheni kipande chote.

Maneno yawe machache. London, kwenye bustani ndogo ya Postman's Park, upo ukuta uliozinduliwa mwaka 1900 kwa wazo la mchoraji G. F. Watts, wenye vigae vya majina ya watu wa kawaida waliokufa wakiokoa wengine. Kila kigae kina jina, tendo na tarehe, pengine kazi ya mtu, basi. Mmoja wao ni Alice Ayres, aliyewatoa watoto watatu kwenye nyumba iliyowaka moto mwaka 1885, akapoteza maisha yake. Ukisoma unaiona nyumba. Mfano wa kwetu unaweza kuwa hivi:

*(Jina kamili), mvuvi wa mwalo huu. Tarehe (...) aliwatoa watu wanne kwenye boti iliyopinduka. Alizama akimfuata wa tano.*

Hakuna haja ya "shujaa wetu mpendwa tutakukumbuka daima". Jina la kampuni iliyochangia saruji na jina la aliyezindua visikae kwenye jiwe hilo. Kama lazima, wawekeeni kibao chao nyuma.

Hatua ya 7: Nishani na utambuzi wa serikali

Andaeni jalada moja: masimulizi ya ukurasa 1, maelezo ya mashahidi yenye saini, ramani, cheti cha kifo, taarifa ya polisi, muhtasari wa kijiji, na ridhaa ya maandishi ya familia. Ridhaa isisahaulike, maana kuna familia zinazokataa, na zina haki.

Tanzania nishani hutunukiwa na Rais, na njia yenu ni kupitia kata, wilaya hadi mkoa kwa barua rasmi. Kenya zipo Sheria ya Heshima za Kitaifa ya 2013 na Sheria ya Mashujaa ya 2014, na wananchi wanaweza kupendekeza majina. Pitieni ofisi za serikali za kaunti mapema, si wiki ya Oktoba 20, Sikukuu ya Mashujaa. Waswahili walioko Marekani na Kanada, kama tendo lilitokea huko, wanaweza kupeleka jina kwa mfuko wa Carnegie ndani ya miaka 2 tangu tukio. Kwa kawaida haupokei visa vya watu ambao kuokoa ni wajibu wa kazi yao.

Subira itahitajika. Msiifanye nishani kuwa sharti la mambo mengine. Jiwe na mfuko wa watoto viendelee.

Hatua ya 8: Waliorudi wakiwa hai

Wapiga mbizi na wavuvi waliotoa miili majini, vijana waliobeba majeruhi, mwalimu aliyehesabu wanafunzi wake akakuta pungufu: hawa wana pole chache kuliko wafiwa na ndoto mbaya zaidi. Wengine huanza kunywa. Wengine hawashuki tena ziwani na hawasemi kwa nini. Kamati iwatembelee mmojammoja mwezi wa kwanza na wa tatu, iulize usingizi na kazi, na iombe hospitali ya wilaya afisa ustawi wa jamii au mshauri wa kuzungumza nao. Kama mmoja alipoteza mtumbwi, injini au nyavu akiokoa, kumlipa hasara hiyo kuje kabla ya cheti cha pongezi.

Kila mwaka

Wiki moja kabla ya kumbukumbu, watu watatu wa kamati wazunguke. Waende kwa mjane na kwa wazazi, waulize watoto wako darasa la ngapi na nani kaacha shule. Wasome hesabu za mfuko mbele ya mwakilishi wa familia. Wakague jiwe, wasafishe, wapige picha kwa ajili ya jalada. Mwanakamati aliyehama au kufariki apatiwe mrithi siku hiyo, na jalada likabidhiwe kwa saini. Kisha washuke mwaloni, wahesabu jaketi, wavute kamba zote na kukagua mafundo. Zilizochanika zitolewe na mpya zinunuliwe kwa fedha ya kumbukumbu kabla wageni hawajafika.